Anayeuguza Naye Ana Mgongo

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa Ngumbo, wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma)

  

Leo sikuja kuzungumza habari za mihogo wala habari za usipa. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi moja ambayo karibu kila nyumba hapa Ngumbo imewahi kuifanya, au itakuja kuifanya. Kazi hiyo haina jembe, haina nyavu, na haina mshahara. Ni kazi ya kumwuguza mzee au mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani.

Tumezoea kumwuliza mgonjwa, "Unaendeleaje?" Hiyo ni desturi njema. Lakini yule anayemwuguza nani anamwuliza? Mgonjwa tunamletea uji, machungwa na pole. Mwuguzi tunamwambia, "Haya, jikaze." Tukisha kusema hivyo, tunaondoka.

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya msufi tunayotia katika mito ya kulalia. Mzigo ukiwa kichwani kwa mwenzako, wewe unauona mwepesi kama usufi. Yeye aliyeubeba ndiye anayejua kama ni usufi au ni mawe.

Basi leo tuushushe mzigo huo chini, tuufungue na tuupime.

NANI HUUGUZA WAZEE WETU?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa namna hiyo karibu milioni 2.5 katika Tanzania nzima. Wazee hao wanakaa wapi? Walio wengi sana wanakaa nyumbani kwao, na watoto wao, wakwe zao na wajukuu wao.

Serikali inayo makazi ya wazee. Yako makazi ya Nunge kule Kigamboni, Dar es Salaam. Yako ya Njoro, Moshi. Yako ya Kolandoto, Shinyanga. Makazi hayo ni kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sera hiyo ilisema wa kwanza kumtunza mzee ni familia na jamii yake, na kumpeleka katika makazi ni njia ya mwisho.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani mambo ni mbalimbali na ya kwetu. Huko ziko nyumba nyingi za kutunzia wazee, na wauguzi wanaajiriwa humo. Ndugu zetu wengi wa Afrika ya Mashariki wanafanya kazi hiyo. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na serikali ya Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi Uingereza.

Mtu anaweza kudhani kwamba huko kwenye fedha nyingi mwuguzi hachoki. Sivyo. Huko nako kilio ni kile kile: wazee wengi, mikono michache. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba kila mzee katika nyumba hizo apate uuguzi wa saa 3 na nusu hivi kwa siku. Wenye nyumba walilalamika kwamba gharama ni kubwa na wauguzi hawapatikani. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2025 mahakama moja katika jimbo la Texas ikaitengua kanuni ile.

Sikilizeni vizuri jambo lililofanyika hapo. Kabla ya kubishana, walihesabu. Walisema mzee mmoja anahitaji saa kadhaa za mikono ya mtu kila siku. Sisi hapa Ngumbo tumewahi kuhesabu? Leo tuhesabu.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu ni wa kufundishia tu, simsemi mtu. Tuseme iko kaya moja hapa karibu na ziwa. Humo yumo bibi mwenye umri wa miaka 78. Amepata kiharusi, yaani upande mmoja wa mwili wake umekufa ganzi na hauna nguvu. Hawezi kukaa peke yake, wala kujigeuza.

Yumo mwanawe, ambaye ni mvuvi. Yumo mkwe wake, yaani mke wa huyo mwanawe. Yumo mjukuu wa kiume mwenye miaka 19. Yumo mjukuu wa kike aliye darasa la sita. Na kaya ya pili, hatua chache tu kutoka hapo, anakaa mdogo wake mvuvi pamoja na mke wake. Binti mmoja wa bibi ameolewa Liuli.

Sasa nani anamwuguza bibi? Mnacheka, maana jibu mnalijua. Ni mkwe peke yake.

Hebu chukueni kalamu na daftari. Tuandike kazi za mkwe huyu kwa siku moja, za bibi tu. Za shamba, za jikoni na za watoto tusiziandike kwanza.

Kumgeuza bibi mara 12, kila mara dakika 5: saa 1.
Kumwosha na kumbadilisha nguo, asubuhi na jioni, kila mara nusu saa: saa 1.
Kumlisha mara 3, kila mara nusu saa: saa 1 na nusu.
Kumsaidia haja na kumsafisha mara 6, kila mara dakika 10: saa 1.
Kufua mashuka na nguo zake: saa 1.
Kuchota ndoo 3 za maji yake, kila safari nusu saa: saa 1 na nusu.
Kumpikia uji na chakula laini: saa 1.

Haya, jumlisheni. Mmepata ngapi? Ni saa 8.

Ndugu zangu, saa 8 ni kazi ya siku nzima ya mtumishi wa ofisini. Yeye akimaliza saa hizo anafunga mlango na kwenda zake. Jumapili hayupo. Mkwe wetu hana Jumapili. Akimaliza saa 8 hizo, shamba la mihogo linamngoja, jiko linamngoja, na usiku bibi anamwita tena.

Tupime na yale maji. Ndoo moja ya lita 20 ina maji ya uzito wa kilo 20. Ndoo 3 ni kilo 60 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni kilo 1,800. Hayo ni sawa na magunia 18 ya kilo mia mia, yamepita juu ya shingo ya mama mmoja kwa mwezi mmoja. Je, huu ni usufi?

MZIGO UKIZIDI, WAWILI HUVUNJIKA

Mtu mmoja akibebeshwa kazi hii peke yake, havunjiki yeye tu. Mgonjwa naye anavunjika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu aliyelemewa na kazi kwa muda mrefu. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayoletwa na kazi, na likataja dalili tatu. Ya kwanza, nguvu zinakwisha kabisa. Ya pili, moyo unajitenga na kazi; mtu anaichukia. Ya tatu, anaona kila afanyalo halifai kitu. Shirika lilisema hayo juu ya watu wa kazi za ajira, lakini mama anayeuguza nyumbani atazitambua dalili hizo mara moja.

Kwa lugha yetu ya hapa tuseme hivi. Analala lakini haamki na nguvu. Mgongo unamuuma daima. Anasahau kama dawa ya asubuhi ameitoa au hajaitoa. Analia bila kujua sababu. Anamjibu mzee kwa ukali, kisha anaona aibu. Siku nyingine mkono unataka kuinuka umpige.

Mama anayefikia hapo si mtu mbaya. Amechoka kupita kiasi. Lakini mzee aliyepigwa ameumia vile vile, na mzee aliyelala juu ya mkojo tangu asubuhi hasaidiwi na sababu zetu. Kwa hiyo mambo haya tuyaseme mapema, kabla mkono haujainuka. Na wewe mwuguzi, siku ukiona hasira imekufika kooni, mlaze mzee salama, toka nje, mwite mtu. Usirudi peke yako.

Tena iko hatari nyingine. Mkwe akishindwa, watu husema, "Basi yule binti wa darasa la sita abaki nyumbani amwangalie bibi yake." Hapana. Anaweza kusaidia jioni, amsomee bibi na kumpa maji. Lakini kumtoa shule mtoto ili watu wazima wanne wapumzike, hiyo ni kumwibia mtoto. Sisi tulioanza kusoma tukiwa watu wazima ndio tunaojua thamani ya darasa lililotupita.

WAUGUZI WA KAZI HUFANYAJE?

Wauguzi waliosomea kazi nao hulemewa. Hebu tuchungulie mbinu zao, maana zinaweza kutumika hata katika nyumba ya udongo.

Yuko mama mmoja Mwingereza, jina lake Florence Nightingale. Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, na tarehe hiyo leo ni Siku ya Wauguzi Duniani. Mwaka 1854 alikwenda Uturuki pamoja na wauguzi 38, kuwauguza askari wa Uingereza wa vita vya Crimea. Aliwakuta wagonjwa wamejaa, uchafu umejaa, na vifaa hakuna.

Watu wengi wanamkumbuka kwa taa yake aliyozunguka nayo usiku. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa kalamu. Alihesabu waliokufa na akaandika sababu. Hesabu zake zilionyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko majeraha ya vita. Hesabu hizo zilisaidia kuwafanya wakubwa watengeneze hospitali za jeshi. Na yeye mwenyewe, mwaka 1855, alishikwa na homa kali huko huko vitani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye aliishi akiugua. Kumbe hata mwuguzi mkuu ana mwili.

Wauguzi wa leo hufanya mambo matano:

La kwanza, hutazama kwanza. Mwuguzi akiingia wodini hakimbilii kazi ya karibu. Hupita kwa wote na kuuliza: nani ana hatari sasa hivi? Nani anaweza kungoja?

La pili, hupanga. Kazi ya kuokoa uhai hutangulia. Kusafisha na kulisha hufuata. Kukunja mashuka vizuri kunaweza kungoja kesho.

La tatu, huunganisha. Akimwendea mgonjwa mara moja hufanya mambo manne. Anamgeuza, anatazama ngozi yake, anambadilisha kitambaa kilicholowa, na anampa maji. Safari moja, kazi nne.

La nne, huandika. Dawa gani imetolewa, saa ngapi, na nani ameitoa. Kichwa kilichochoka husahau. Daftari halisahau.

La tano, hukabidhi zamu. Anayetoka humweleza anayeingia, kisha anakwenda kulala. Haoni haya kwenda kulala, maana anajua mwuguzi asiyelala ni hatari kwa mgonjwa.

DAFTARI LA ZAMU

Sasa turudi kwa bibi yetu. Kwa nini nimesema ageuzwe mara 12? Mgonjwa asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia, hasa matakoni, kwenye nyonga, mgongoni na visiginoni. Uzito wa mwili unaikandamiza ngozi, damu haipiti, na nyama inakufa. Njia kubwa ya kuvizuia ni kumgeuza kila baada ya saa 2. Siku ina saa 24, basi ni mara 12. Mkigawanya vizuri, kila mtu anapata kidogo.

Fungueni ukurasa mpya. Pigeni mistari. Andikeni SAA, JINA, NIMEFANYA NINI, NIMEONA NINI. Hilo ndilo daftari la zamu. Tupange hivi:

Mkwe: saa 10 alfajiri, saa 12 asubuhi, saa 12 jioni na saa 2 usiku. Mara 4.
Kaya ya mdogo wake mvuvi: saa 2 asubuhi, saa 4 na saa 6 mchana. Mara 3.
Mvuvi mwenyewe, akisha kulala baada ya kutoka ziwani: saa 8 na saa 10 mchana. Mara 2.
Mjukuu wa kiume: saa 4, saa 6 na saa 8 usiku. Mara 3.

Nne na tatu ni saba, na mbili ni tisa, na tatu ni kumi na mbili. Zimetimia. Tazameni mkwe amepata nini. Kutoka saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri analala saa 8 mfululizo. Mchana anakwenda shambani bila wasiwasi. Zamani alimgeuza bibi mara 84 kwa wiki. Sasa ni mara 28. Na siku za mbalamwezi, taa za usipa zisipotoka, mvuvi achukue zamu za usiku, kijana naye alale.

Zile kazi nyingine nazo zigawanywe. Maji ni ya kijana. Mashuka ni ya zamu. Binti aliyeolewa Liuli hawezi kuja kila siku, lakini anaweza kuja siku mbili kila mwezi, ili mkwe aende kwao kupumzika. Mtoto aliye mjini atume sabuni na fedha za shuka la nailoni. Apigiwe simu asomewe daftari. Orodha ya kazi ina nguvu kuliko malalamiko, maana anayesikiliza malalamiko husema, "Anatia chumvi." Akisomewa orodha, atapinga saa ipi?

Naona baadhi ya wanaume wananitazama kwa jicho la pembeni. (Vicheko.) Najua mnataka kusema, "Sisi tumwoshe mama?" Mila tuziheshimu. Kumwosha bibi na kumsaidia haja, mpeni mwanamke. Lakini kumgeuza, kumnyanyua, kumpa maji na kumlisha uji, mila gani inakataza? Kunyanyua ndiko kunakovunja migongo ya wanawake, na nguvu ya kunyanyua mnayo ninyi. Mtumbwi mnausukuma, sembuse mama aliyewazaa!

KUPUNGUZA UGUMU WA KAZI

Kugawana peke yake hakutoshi. Kazi yenyewe ifanywe nyepesi.

Mnyanyueni mgonjwa watu wawili. Tandikeni shuka imara chini yake, kila mmoja ashike upande wake. Kunjeni magoti, mgongo unyoke, mhesabu moja, mbili, tatu, mnyanyue pamoja. Msimburute, maana kumburuta kunachubua ngozi yake.

Chini ya shuka lake wekeni nailoni, na juu yake kitambaa kilichokunjwa. Akilowa, badilisheni kitambaa tu. Mtakuwa mmeokoa godoro na saa ya kufua.

Kila mkimgeuza tazameni ngozi. Mahali palipobadilika rangi, palipo pa moto au pagumu kuliko pengine, msipasugue. Asilalie hapo mpaka parudi kama zamani.

Akila akalishwe wima au aegemezwe, asije akapaliwa. Samaki atolewe miiba yote. Mpeni maji kidogo kidogo mara nyingi.

Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Ukishika damu au kinyesi vaa glovu. Kama hakuna glovu, vaa mfuko safi wa plastiki mkononi.

Na haya msiyangoje nyumbani: homa, kupumua kwa shida, kidonda kinachonuka au kutoa usaha, kukataa kunywa, kuchanganyikiwa ghafla, au mdomo kupinda ghafla. Hayo ni ya zahanati au hospitali, mara moja, na daftari mlichukue.

NA MWUGUZI WA ZAHANATI JE?

Nawasikia watu wakisema, "Yule nesi ana maneno makali." Kauli mbaya hairuhusiwi. Wauguzi wana maadili ya kazi yao, na liko Baraza la Uuguzi na Ukunga linalowasimamia. Mwananchi akitukanwa ana haki ya kulalamika, na aanzie kwenye kamati ya zahanati.

Lakini tuwe wakweli. Katika zahanati nyingi za vijijini watumishi ni wachache. Mwuguzi huyo huyo anapima watoto, anachanja, anagawa dawa, anafunga vidonda, na anajaza madaftari ya serikali. Usiku akigongewa mlango kuna mama mwenye uchungu, anaamka. Asubuhi mnamkuta amesimama pale pale.

Sisi wanakijiji hatuwezi kumwongezea mshahara. Lakini mzigo wake tunaweza kuupunguza. Nenda na kadi yako. Nenda na daftari la mgonjwa, asianze kukuuliza upya mambo ya wiki nzima. Dawa ulizopewa zitumie kama ulivyoelezwa, usirudi na ugonjwa ule ule. Usimwamshe usiku kwa jambo linaloweza kungoja asubuhi. Lenye hatari usichelewe nalo hata dakika moja. Na wahudumu wa afya wa jamii tuwatumie. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwapeleka vijijini, ili mambo mengine yashughulikiwe nyumbani kabla hayajafika zahanati.

Tena tukumbuke kwamba kupunguza magonjwa ni kumpunguzia mwuguzi kazi. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na wakajadiliana. Walipotoka hapo walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja daktari aje ashike jembe. Walijua kila choo kinachochimbwa ni wagonjwa wa kuhara wanaopungua mlangoni kwa mwuguzi.

NENO LA MWISHO

Nimesema mengi. Mkisahau yote, shikeni moja: mzigo wa kuuguza usiwe wa mtu mmoja. Uandikeni, mpate kuuona. Mkiuona, mtaugawana.

Wapo wanaosema kisomo ni cha kusomea barua na kupigia kura. Ni kweli, lakini si hivyo tu. Daftari moja na kalamu moja vinaweza kumpa mama mmoja wa Ngumbo saa 8 za usingizi, vikamwacha bibi bila kidonda, na vikamwacha mtoto shuleni. Elimu ya namna hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Leo mkirudi nyumbani, pitieni kwa jirani mwenye mgonjwa. Mpeni mgonjwa pole. Kisha mgeukieni anayemwuguza, mmwulize, "Na wewe mama, ulilala jana?" Asiposema kitu, msimwambie ajikaze. Mwulizeni zamu ipi iko wazi, mwandike majina yenu.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi?
2. Katika nyumba yenu, au ya jirani, nani anauguza? Andikeni kazi zake za siku moja na saa zake, kisha mjumlishe.
3. Mgonjwa akigeuzwa kila baada ya saa 2, na wako watu watatu wa kugawana sawasawa, kila mtu atamgeuza mara ngapi kwa siku? Na kwa wiki?
4. Ni kazi zipi za kuuguza ambazo wanaume wa hapa wanaweza kuzifanya bila kuvunja mila?
5. Kijiji chenu kinaweza kufanya mambo gani matatu ili kumpunguzia kazi mwuguzi wa zahanati?